Wakati kwanza au kiasi kwanza?

Chukua mfano huu. Mgonjwa kapewa dawa, na kila lita ya damu yake ina miligramu 10. Kila saa mwili unaiondoa kwa kasi ya 0.5 mara kiasi kilichobaki. Unataka kujua baada ya saa 2 kutabaki nini, basi unaandika fanksheni ya mstari mmoja, −0.5 mara y, na kuikabidhi kwa programu ya kutatua milinganyo ya mabadiliko. Jibu sahihi ni 3.68.

Sasa tuseme fanksheni yako inatarajia wakati kwanza, halafu kiasi, kumbe programu inaleta kiasi kwanza, halafu wakati. Utapata 9. Hakuna ujumbe wa kosa, maana kompyuta imeona namba mbili, ikazipokea, ikaendelea na kazi. Ukiiacha ifike saa 8 ndipo utashtuka: itakuambia kiasi cha dawa ni −6, wakati kiasi cha kweli ni kama 0.18. Lakini wewe ulitaka saa 2 tu, na 9 haina sura ya uongo hata kidogo.

Kitu pekee cha kukuepusha na hilo ni maelezo ya matumizi, na historia yake ina umri karibu sawa na wa programu zenyewe.

Turudi Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, kwenye kompyuta iitwayo EDSAC. Watu wake walichoka mapema kuandika hesabu zilezile kila siku, wakaanza kutunza maktaba ya vipande vya programu kwenye tepu za karatasi zilizotobolewa. Ukihitaji kipande, unakinakili kwenye tepu yako. Kwa kipeuo cha pili hapakuwa na shida: unaleta namba, unapewa namba. Ugumu ulikuja kwenye milinganyo ya mabadiliko. Mwandishi wa kipande hawezi kuujua mlinganyo wako, kwa hiyo anaacha pengo, nawe unaliziba kwa kipande chako kisaidizi. Stanley Gill alichapisha mbinu ya namna hiyo mwaka 1951. Kisaidizi chako kilipaswa kujua namba zimewekwa wapi kwenye kumbukumbu na majibu yawekwe wapi. Bila maelezo, tepu ile haikufaa kitu.

Mwaka huohuo Wilkes, Wheeler na Gill walitoa kitabu chao cha kuandaa programu, na sehemu nzima ya kitabu hicho ni maelezo ya vipande vya maktaba. Mwaka uliofuata David Wheeler alizungumza kwenye mkutano huko Pittsburgh, akasema kwamba ukishaandika kipande na kukijaribu, bado kuna kazi ya kukieleza kwa mtu asiyejua ndani kuna nini, na huenda hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mwaka 1952 huo! Wengine wetu bado tunaifanya usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi.

Fortran ilipokuja mwaka 1957, maelezo yalihamia ndani ya faili lenyewe, kwenye mistari inayoanza na herufi C, ambayo kompyuta inairuka. Kwangu mimi, baadhi ya maelezo bora ya aina hii yamo kwenye LSODE, programu ya Alan Hindmarsh wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani. Yanakuambia fanksheni yako ipokee vitu vinne, kwa mpangilio huu: idadi ya milinganyo, wakati, kiasi, na mahali pa kuandika mabadiliko. Tena yanaonya: usiziguse namba za kiasi. Mtu anasoma, anaandika, basi.

Shida ilianza pale programu za ukoo huo zilipovishwa nguo mpya. Octave ilijenga amri yake ya lsode juu ya kazi ya Hindmarsh, lakini ikataka kiasi kwanza. MATLAB, kwenye ode45, inataka wakati kwanza. Halafu ikaja SciPy ya lugha ya Python. Amri yake ya odeint, inayotumia LSODA, ndugu wa LSODE, ilitaka kiasi kwanza. Ilhali ode, iliyomo humohumo ndani ya SciPy, ilitaka wakati kwanza. Nyumba moja, milango miwili inayofunguka pande tofauti.

Toleo la 1.0 la mwaka 2017 lilileta solve_ivp, wakati kwanza. Utauliza, kwa nini wasigeuze tu na odeint? Fikiria programu zote zilizokwisha kuandikwa kwa mpangilio wa zamani. Ukigeuza, nyingi zitavunjika kwa kelele, na hizo si za kuogopwa. Za kuogopwa ni zile za mlinganyo mmoja, kama ule wa dawa yetu, ambazo zingeendelea kukimbia kimya na kutoa 9 mahali pa 3.68. Kwa hiyo mwaka 2018, toleo la 1.1 liliongeza swichi tu, tfirst, ya kuiambia odeint kwamba fanksheni yako inaanza na wakati. Maelezo yake yanasema waziwazi kwamba mpangilio wake wa kawaida ni kinyume cha wa wenzake. Usipoiwasha, odeint inaleta y kwanza, kama zamani.