Sinema ya Karatasi

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na gazeti lililoitwa Film Tanzania. Aliyelinunua akidhani atasoma habari za sinema alikuta sinema yenyewe imo humo kurasani. Waigizaji walivaa, wakajipanga mbele ya kamera ya kawaida, wakapigwa picha moja baada ya nyingine. Picha zikabandikwa kwa mfuatano, maneno ya kila mmoja yakaandikwa karibu na kichwa chake. Jambazi alikimbia katika picha moja, akakamatwa katika inayofuata. Aliyelisimamia gazeti hilo alikuwa Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi iliyotoka mwaka 1965.

Kabla hatujazungumzia filamu zinazotokana na vitabu vya katuni, mjadala unaowatoa watu jasho Marekani na Ulaya, inafaa tukumbuke jina la gazeti hilo. Wenzetu walianza na karatasi, wakaenda kwenye filamu. Kwetu karatasi ilijiita filamu tangu siku ya kwanza, kwa sababu filamu yenyewe ilikuwa haikamatiki. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, lakini kutengeneza filamu moja ya hadithi kulitaka mitambo, mafundi na fedha za kigeni. Hadithi ya picha ilitaka kamera moja, marafiki wasioona haya, na mtambo wa kuchapa.

Katalambulla hakuwa peke yake. Wachapishaji wa jarida la Drum walikuwa wakiuza African Film, na shujaa wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na ngumi za uhakika, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Nalo lilikuwa karatasi tupu, nalo likajiita filamu. Vijana wa Afrika Mashariki walimjua Spearman kama wanavyojulikana waigizaji wa sinema, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipiga hatua.

Sisi wa Sumbawanga tulikuwa mwisho wa safari ya kila gazeti. Kabla ya lami ya kutoka Tunduma, iliyokuja katika miaka ya 2010, karatasi ilipanda uwanda wa Ufipa kwa vumbi na tope. Ikishafika haikuwa mali ya mtu mmoja. Nakala ya gazeti la katuni la Sani ilizunguka mitaa ya Mazwi na Majengo mpaka jalada likang'oka. Aliyejua kusoma vizuri aliwasomea wenzake akibadili sauti: nyembamba kwa huyu, nzito kwa yule. Ndumilakuwili na Kipepe, wahusika aliowachora Philip Ndunguru, tulizijua sauti zao kabla hatujawa na televisheni. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, wengine wakaendelea kuwachora watu wake. Nadhani hiyo ndiyo sababu msomaji wa katuni huwa mkali anapoletewa filamu. Sauti tayari anayo. Ukimletea nyingine, umemnyang'anya kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Kisha maji yakapanda mlima. Muda mfupi baada ya filamu ya Titanic kuitikisa dunia, Joshua Amandus Mtani aliichukua akaichora kwa Kiswahili, akaiita Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Huko kwingine studio hununua katuni igeuke filamu. Huku kijana mwenye kalamu aliishusha filamu ya mamilioni ya dola ikawa kijitabu cha kushika mkononi.

Kwa mtu wa Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, kisa cha meli inayozama si kigeni. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mwaka mmoja tu baada ya Titanic kuzama. Ilisafirishwa vipandevipande hadi Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao isije ikatekwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kutokana na vita vya ziwa hilo C. S. Forester aliandika riwaya ya The African Queen mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu, picha za Afrika zikipigwa Kongo na Uganda. Katika riwaya, mashua ya mashujaa inazama kabla ya kuifikia meli ya adui. Katika filamu, meli inaligonga gofu la mashua na kulipuka. Meli halisi haikufanya hata kimoja: ililala chini ya maji, ikafufuka, ikabeba dagaa, mahindi na abiria hadi Kasanga na Mpulungu. Mimi naona toleo la ziwa lenyewe linayashinda yote mawili, na bado hakuna wa huku aliyelichora.

Video zilipofika, ile sauti ya msomaji wa Sani ilihamia kwenye mabanda. Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimwita Lufufu, alikuwa akizungumza juu ya filamu za Wachina, Wahindi na Wamarekani, akieleza, akiongeza utani, akiwapa wahusika tabia za mitaa yetu. Wapo waliosema anaharibu kazi za watu. Kwangu alikuwa anafanya kazi ileile ya maneno ya gazetini: kuipa picha ya mgeni ulimi wa mwenyeji. Mwaka 2003 ikaja filamu ya Girlfriend, soko la Bongo Movie likashika kasi, na miaka hiyohiyo Mussa Banzi akatoa Nsyuka, filamu ya kutisha yenye jina la mzuka kutoka kwa majirani zetu Wanyakyusa.

Tangu hapo mizuka haijatoka kwenye filamu zetu, na Sumbawanga imelipia. Jina la mji linaelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Nchi nzima imelisoma kinyume, kana kwamba ndipo unapookotwa. Ninawaomba wachoraji na waongozaji, kwa moyo wote, wasianzie hapo.

Waanzie kwenye chuma. Mwaka 1966 Stan Lee na Jack Kirby walibuni Black Panther na ufalme wa Wakanda, tajiri wa madini ya ajabu. Filamu yake ilipotoka mwaka 2018, Kisumu iliionyesha mapema kwa heshima ya Lupita Nyong'o. Ndani yake Wakanda wanazungumza Kixhosa. Lakini litamke jina hilo polepole: Wafipa, Wamambwe, Wakanda. Na ufalme wa chuma uwandani tunao. Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu kuliko mtu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha chuma kikasafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Bertram Mapunda, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameliandikia suala hilo kitabu kizima, na mabaki ya matanuri yapo mpaka leo.

Kuhusu nani ashike usukani katuni inapogeuzwa filamu, dunia ina mifano miwili. Alan Moore, mwandishi wa katuni wa Uingereza, alichukizwa na filamu zilizotokana na kazi zake hadi akataka jina lake lisiandikwe. Marjane Satrapi, aliyechora maisha yake ya Iran katika Persepolis, aliingia mwenyewe kuongoza filamu yake ya mwaka 2007 pamoja na Vincent Paronnaud, na michoro ikabaki michoro. Kwetu, Amil Shivji ameitoa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kitabuni hadi kwenye skrini ya Toronto mwaka 2021, kwa Kiswahili. Kwa hiyo njia ipo.

Na picha ya kwanza ipo pia. Masimulizi ya Ufipa yanasema Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alikuwa mawindoni wakati wanawake watatu wageni walipofika. Picha ya pili: boma kimya, kigoda cha mtawala hakina mtu. Ya tatu: anarudi na nyama begani, na kigoda kimekaliwa.