Mafunzo ya useremala Rungwe

Useremala wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hufundishwa kwa njia mbili: kwenye karakana ya fundi, ambako mwanagenzi huanza kwa kushika mbao na kusukuma randa, au katika chuo cha ufundi stadi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, husimamia vyeti vya ngazi ya I hadi III. Fundi aliyejifunzia mtaani naye hupimwa na kupewa cheti kupitia urasimishaji wa ujuzi. Mvua za Tukuyu, makao makuu ya wilaya hiyo, ni nyingi, hivyo somo zito ni ukaushaji: mbao mbichi za paina kutoka Shamba la Miti Kiwira zikiungwa mapema, mlango hupinda na ulimi hulegea tunduni.