Chester Arthur, raisi wa Marekani mwenye alitambua bendera ya Leopold kwenye Kongo

Chester Alan Arthur alikuwa raisi wa 21 wa Marekani, tangu Septemba 1881 mpaka Machi 1885. Wamarekani wenyewe wanamsahau haraka. Ukiwauliza majina ya maraisi wao wa zamani watakutajia Washington na Lincoln, Arthur hapana. Lakini sisi wa Kongo tuna sababu ya kumjua, kwani serikali yake njo ilikuwa ya kwanza katika inchi kubwa za dunia kutambua bendera ya shirika la mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Hiyo ilifanyika Washington tarehe 22 Aprili 1884, mbele hata mkutano wa Berlin haujaanza.

Arthur alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1829 katika kijiji cha Fairfield, jimbo la Vermont, kaskazini mwa Marekani. Baba yake alitoka Irlandi, alikuwa mchungaji wa Wabatisti na alihubiri wazi wazi kupinga utumwa, jambo lililomletea maadui na kumfanya ahame-hame na jamaa yake. Kijana alisoma, akafundisha masomo kwa muda, kisha akawa avoka katika muji wa New York.

Kesi moja ya wakati ule inastahili kusimuliwa. Siku ya Mungu moja ya Julai 1854, mwalimu mweusi anayeitwa Elizabeth Jennings alikuwa anakwenda kanisani, fasi alikuwa anapiga kinanda. Alipanda gari la abiria la kukokotwa na farasi. Konda akamwambia ashuke, kwa kuwa gari si la watu weusi. Akakataa, wakamtoa kwa nguvu. Jamaa yake wakashitaki kampuni, na avoka waliyepewa ni Arthur, kijana wa miaka 24, mwenye hakuwa bado na jina. Mwaka 1855 akashinda: Jennings alilipwa dola 225, ambazo kwa wakati ule zilikuwa feza nyingi, na kampuni ile ikafungulia watu weusi magari yake. Ni miaka 100 mbele ya kesi ya Rosa Parks yenye watu wengi wanajua. Basi mwenye kusoma maisha ya Arthur asifikiri kwamba alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo.

Wakati wa vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe (1861 mpaka 1865), hakupigana. Alikuwa na kazi ya kutafutia askari wa jimbo la New York chakula, nguo, mahema na bunduki, na aliifanya vizuri. Kisha akaingia katika siasa ya parti ya Republican, chini ya seneta mmoja mwenye nguvu sana, Roscoe Conkling. Hapo njo maisha yake yalibadilika.

Mwaka 1871 raisi Grant alimpa uongozi wa duwani ya bandari ya New York. Usione hiyo kuwa kazi ndogo. Wakati ule hakukuwa kodi juu ya mishahara, na Leta ya Marekani iliishi zaidi kwa feza za duwani, na sehemu kubwa ya feza hizo iliingia kupitia bandari ile moja. Kulikuwa wafanyakazi karibu 1.000. Waliingia ginsi gani? Kwa kutumwa na parti. Hawakuulizwa sana diploma wala mtihani: ulijulikana na nani, ulifanyia nani kampeni. Na kila mwaka walikatwa sehemu ya mushahara wao kwa ajili ya sanduku la parti. Mwenye kukataa alijua kwamba fasi yake itapewa mwingine. Mkubwa wao naye alikuwa na haki, kwa sheria ya wakati ule, ya kupata sehemu ya faini na mali zilizokamatwa, hata miaka fulani Arthur aliingiza zaidi ya dola 50.000. Sheria ile iliondolewa mwaka 1874. Mwenyewe hakuhakikishwa kuwa ameiba, lakini mashini yote ile ilikuwa mikononi mwake, na alikuwa anafika kazini saa saba za mchana. Mwaka 1878 raisi Hayes, mwenye alitaka kusafisha duwani, akamtoa.

Miaka miwili nyuma yake, mtu huyo aliyefukuzwa duwani akachaguliwa makamu wa raisi. Parti ilikuwa imegawanyika vipande viwili. James Garfield akapewa nafasi ya raisi, na ili watu wa Conkling wasikasirike, Arthur akawekwa pembeni yake. Muke wake Ellen hakuiona siku ile, alikufa Januari 1880 kwa ugonjwa wa mapafu.

Tarehe 2 Julai 1881, mtu anayeitwa Charles Guiteau alimpiga Garfield risasi ndani ya steshoni ya gari la moshi, pale Washington. Alikuwa mtu wa akili yenye kuvurugika, ameomba kazi ya Leta mara nyingi bila kuipata. Alipokamatwa alisema kwamba yeye ni wa kundi la Conkling, na kwamba sasa Arthur atakuwa raisi. Fikiria aibu hiyo. Inchi nzima ilimtazama Arthur kama mtu mwenye anafaidika na damu, na wengine wakamshuku kabisa. Garfield aliteseka siku 79, akafa tarehe 19 Septemba. Arthur aliapishwa usiku ule ule, baada ya saa nane, katika nyumba yake ya New York.

Wakati Garfield alikuwa angali kitandani, mwanamke mmoja mgonjwa wa New York, Julia Sand, mwenye hakumjua Arthur hata kidogo, alimwandikia barua ya kumwambia kwamba watu wanaogopa utawala wake, na kwamba angali na nafasi ya kuwa mtu mwingine. Alimwandikia barua 23 kwa jumla. Raisi hakuzitupa. Siku moja ya Agosti 1882 alifika mwenyewe nyumbani kwa bibi huyo kumsalimia, bila kutoa taarifa.

Na kwa mshangao wa rafiki zake wa zamani, alibadilika. Tarehe 16 Januari 1883 alitia sahihi sheria inayoitwa sheria ya Pendleton, jina la seneta aliyeileta. Ilisema kwamba kwa kazi fulani za Leta mtu ataingia kwa mtihani wa wote, kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya siasa, na kwamba ni kosa kumlazimisha mfanyakazi atoe feza kwa parti. Mwanzoni ilishika kazi kama asilimia 10 tu. Lakini maraisi waliofuata waliruhusiwa kuongeza, na waliongeza, mpaka sehemu kubwa ya kazi za serikali kuu ikaingia ndani. Mtu wa duwani njo alifunga mlango wenye yeye mwenyewe alipitia. Msomaji wetu mwenye amewahi kupeleka dosie ya kuomba kazi, kisha akaulizwa kwanza ni mtoto wa nani, ataelewa uzito wake bila sisi kueleza.

Si yote yalikuwa mazuri. Mwaka 1882 alikataa sheria ya kuwafungia wafanyakazi wa China njia ya kuingia Marekani miaka 20, lakini walipopunguza wakaandika miaka 10, akaitia sahihi. Pia alipenda maisha ya raha: inasemekana alikuwa na suruali 80, na aliondoa vitu vya zamani vya nyumba ya raisi kwa magari 24 ili ipambwe upya.

Sasa tufike kwetu.

Mwisho wa mwaka 1883 alifika Washington Mmarekani mmoja, Henry Shelton Sanford. Alikuwa amekuwa balozi wa Marekani kule Ubelgiji, na sasa alikuwa anafanya kazi ya Leopold. Alikuwa na mashamba ya machungwa katika jimbo la Florida, na muji wenye unaitwa Sanford mpaka leo. Arthur alikuwa amepita huko kupumzika mwaka ule ule. Sanford alibeba barua ya mfalme na nakala za mapatano yenye Stanley aliwatilisha alama machifu wa kando ya mto.

Ujanja ulikuwa katika majina. Mwaka 1876 Leopold alikuwa ameunda shirika la kimataifa la Afrika, lenye sifa ya kusaidia watu na kupinga biashara ya watumwa. Kisha akaunda lingine la Kongo, ambalo lilikuwa mikononi mwake peke yake. Mashirika mawili, majina yanafanana, na bendera moja: ya buluu yenye nyota moja ya rangi ya zahabu. Huko Washington watu wachache sana walijua tofauti.

Desemba 1883, katika ujumbe wake wa kila mwaka kwa wabunge, Arthur alisifu kazi ile. Alisema machifu wamegawia shirika ardhi, barabara zimefunguliwa, meli ziko mtoni, vituo ni 22 chini ya bendera moja, na kwamba shirika halitafuti kutawala daima. Maneno hayo yalitoka kwa sehemu kubwa katika mkono wa Sanford mwenyewe. Hakuna mtu wa Kongo aliyeulizwa kama ni kweli.

Katika Seneti, aliyesukuma jambo ni John Tyler Morgan wa Alabama, aliyekuwa jenerali wa upande wa wenye kutetea utumwa wakati wa vita. Yeye alitaka soko la pamba ya kwao, na alitaka pia Wamarekani weusi warudishwe Afrika, na Kongo ilionekana fasi nzuri ya kuwatupa. Tarehe 10 Aprili 1884 Seneti ikakubali, na tarehe 22 waziri wa mambo ya inje, Frelinghuysen, akatangaza kwamba Marekani inatambua bendera ile kama ya serikali rafiki. Ujerumani ilifuata Novemba. Berlin ilipofungwa Februari 1885, Leopold alikuwa na inchi.

Na huku mashariki? Mzungu mmoja tu alikuwa ameachwa na Stanley pale kwenye maporomoko, Kisangani ya leo. Kasongo na Nyangwe zilikuwa katika nguvu za Tippu Tip na watu wake. Ziwa Kivu, hakuna Mzungu aliyefika kando yake mpaka mwaka 1894. Bendera ilitambuliwa kwa jina la watu wenye hawajaiona hata kwa macho. Yaliyofuata, mpira wa msitu, kazi ya lazima, mikono iliyokatwa, wazee wetu walisimulia, na yaliendelea mpaka Ubelgiji ikachukua koloni mwaka 1908.

Arthur hakuyaona. Tangu 1882 alijua ana ugonjwa wa figo wenye hauponi, akauficha. Mwaka 1884 parti ilimchagua mwingine, naye hakupigana sana. Alikufa New York tarehe 18 Novemba 1886, akiwa na miaka 57. Mbele ya kufa aliagiza karatasi zake karibu zote zichomwe moto. Barua za Julia Sand zilibaki.

Kuna jambo moja ya mwisho ya utawala wake. Katika siku zake za mwisho, Machi 1885, alimtaja George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani, mchungaji na mwandishi wa historia, awe balozi kule Haiti. Serikali mpya ilimkatalia kwenda. Mwaka 1890 Williams akaja Kongo kujionea mwenyewe, akapanda mto mpaka Stanley Falls, na hapo hapo, Kisangani, Julai 1890, akaandika barua ya wazi kwa Leopold. Alieleza namna ardhi ilichukuliwa: Wazungu walificha waya za umeme ndani ya nguo, wakamshika chifu mkono, chifu akatetemeka na kuamini kwamba Mzungu ana nguvu ya kung'oa miti. Aliandika pia juu ya minyororo, vijiji vilivyochomwa, na Leta yenyewe kununua watu.

Ilikuwa barua ya kwanza ya namna hiyo. Williams alikufa mwaka uliofuata, Agosti 1891, katika muji wa Blackpool huko Uingereza, na kaburi lake lilikaa bila jina mpaka 1975.