Ubanaji wa vichwa vya pakiti

Mbinu ya kupunguza baiti za maelezo zinazotangulia data katika itifaki ya intaneti. Kichwa cha IPv4 pamoja na TCP huchukua angalau baiti 40, na nyingi hurudiwa vilevile katika kila pakiti: anwani, namba za milango. Mwaka 1990 Van Jacobson wa Marekani alionyesha, katika waraka RFC 1144, kwamba zinaweza kushuka hadi 3 hivi kwa kutuma tofauti tu na pakiti iliyotangulia.

Mbinu hiyo, iliyobuniwa kwa laini za simu za polepole, hupata shida kubwa kwenye setilaiti. Pakiti moja ikiharibika njiani, mpokeaji hupoteza msingi wa hesabu, na zinazofuata hufunguliwa vibaya hata zikifika salama. Kwa setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, jibu huchukua kama nusu sekunde; kosa hukaa muda mrefu kabla ya kurekebishwa.

Mbinu ya baadaye, ROHC (RFC 3095, 2001), iliziba pengo hilo kwa ustadi: hukagua kichwa kilichofunguliwa kwa tarakimu za uhakiki, na hurejelea thamani kadhaa zilizopita badala ya moja. Kichwa cha pakiti ya sauti cha baiti 40 huweza kubaki baiti 1.