Walikuwa kambi gani?

Yaya wangu anaosha glasi. Ndiyo kazi aliyoipata Afrika Kusini baada ya miaka miwili ya kulinda magari ya watu barabarani: anaosha glasi za divai katika mgahawa wa shamba moja kwenye bonde la Franschhoek, kiasi cha kilomita 80 kutoka Cape Town. Mwanzoni mwa mwaka alinitumia picha. Milima imezunguka, mizabibu imesimama mistari iliyonyooka kama ya daftari, na katikati kuna mnara wenye matao matatu marefu. Chini aliandika: "Mdogo wangu, huu ni mnara wa wakimbizi. Nimeshangaa."

Jumamosi nikazionyesha picha hizo kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Dzaleka. Simu ikapita mkono kwa mkono. Nikawaambia kidogo nilichokijua siku ile: kwamba wakimbizi wa Kifaransa walifika bonde lile zamani, wakapewa mashamba, na leo matajiri wanapanda ndege kutoka dunia nzima kwenda kunywa divai ya huko. Msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Walikuwa kambi gani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata, na yaya nimemsumbua kwa maswali mpaka vocha zimekwisha. Sina paspoti, sina kibali cha kufika huko. Lakini kama ningefika, najua siku yangu ningeitumiaje tangu asubuhi hadi jioni, na nadhani njia yangu ingekuwa tofauti kidogo na ya watalii.

Ningeanza na mnara, ulio mwisho wa barabara kuu ya kijiji. Matao matatu ni Utatu Mtakatifu. Mbele yake amesimama mwanamke wa jiwe juu ya mfano wa dunia, mkono mmoja ameshika Biblia, mwingine mnyororo uliokatika. Ni Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa amri ya Nantes. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta. Hata kabla ya hapo wanajeshi walikuwa wakilazwa kwenye nyumba za Waprotestanti wale, wanywe, wavunje, mpaka mwenye nyumba akubali kubadili dini. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi. Makanisa yakabomolewa, wachungaji wakapewa wiki mbili waondoke nchini. Waumini wa kawaida, kinyume chake, walikatazwa kuondoka, na mwanaume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme. Hata hivyo watu wapatao 200,000 walitoroka, wakaingia Uholanzi, Uingereza, Uswisi na Ujerumani. Waingereza wakalichukua neno la Kifaransa réfugié kuwaita watu hawa, na neno hilo ndilo limeandikwa leo kwenye karatasi zetu. Kwa hiyo hata jina letu limetoka kwao.

Jibu la yule msichana basi ni hili: hakukuwa na kambi. Walikaa mijini, makanisa yakawasaidia. Halafu Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ikawatazama ikaona faida. Tangu 1652 Kampuni hiyo ilikuwa na kituo kwenye Rasi ya Tumaini Jema, mahali ambapo meli zake za kwenda Asia zilichukua maji, nyama na mboga. Wakulima walikuwa wachache, na divai ya huko ilikuwa bado dhaifu. Wakimbizi walihitaji pa kwenda. Wakaelewana: nauli bure, ardhi bure, mbegu na vifaa vya kilimo kwa mkopo, na kila mtu ale kiapo cha utii na akae angalau miaka mitano. Meli zikaanza kuwasili 1688. Jumla yao ilikuwa kiasi cha watu 200 tu, kidogo kuliko foleni ya siku moja ya mgao hapa kwetu.

Karibu na mnara kuna makumbusho yao. Ningeingia huko nitafute habari za jambo moja. Mwaka 1690 kanisa la Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, lilituma fedha za msaada, zikagawiwa familia kwa familia, na majina ya waliopokea yakaandikwa. Orodha ile haikupotea. Wanahistoria wanaitumia mpaka leo kujua nani alikuwepo, nani alikuwa na mke, nani mjane. Ndugu zangu wa mashirika, mnaotuita kila mwezi jina kwa jina, mkumbuke kwamba kalamu zenu zinaandika historia hata kama ninyi mnaona ni karatasi ya unga na maharagwe tu.

Kisha ningepanda tramu. Tangu 2012 kuna tramu ya watalii inayozunguka bondeni: unashuka shamba hili, unaonja, unapanda tena, unashuka lingine. Yaya anasema saa tisa mchana abiria wanaanza kuimba. Mimi ningekaa dirishani nisome vibao: La Motte, Cabrière, Provence, La Dauphine. Shamba la kawaida lilikuwa morgen 60, kama hekta 50. Hekta 50 kwa mkimbizi! Nilipolisema hili kwenye kikundi, baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alipiga mluzi. Yeye analima mistari minane ya mahindi nyuma ya nyumba, na mistari miwili si yake.

Lakini ukiongea Kifaransa na mtu aliyezaliwa Franschhoek, hatakujibu. Jina la kijiji chenyewe ni la Kiholanzi, maana yake kona ya Wafaransa. Mwaka 1689 wakimbizi waliomba wakae pamoja na wawe na kanisa lao. Gavana Simon van der Stel alikasirika sana. Wakubwa wa Kampuni huko Uholanzi wakakubali kanisa, lakini wakaagiza watoto wafundishwe Kiholanzi, na mashamba ya Wafaransa yachanganywe na ya Waholanzi. Mwaka 1702 mchungaji wao, Pierre Simond, akaondoka zake, na aliyekuja badala yake alitakiwa kuhubiri kwa Kiholanzi. Katikati ya karne ya 18 waliobaki wakijua Kifaransa walikuwa wazee. Yaliyobaki ni majina: du Toit, Joubert, Marais, le Roux, de Villiers. Siku hizi kila mwezi wa saba kijiji kinafanya sikukuu ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, mapinduzi yaliyotokea miaka mia moja baada ya mababu kuondoka. Yaya siku hiyo huvalishwa kofia ya Kifaransa.

Hapo nilisimama kidogo. Mama yangu hunisemesha Kibembe, mimi namjibu Kiswahili, na mdogo wangu wa mwisho anatujibu wote wawili Kichewa. Hakuna gavana aliyetukataza. Tulianza tu kupunguza neno moja moja, kwa sababu shuleni na sokoni halikutusaidia.

Swali la msichana lilikuwa na mwenzake ambalo yeye hakuliuliza: ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya kugawiwa? Bonde liliitwa Olifantshoek, kona ya tembo. Wakhoikhoi walichunga ng'ombe na kondoo wao katika nchi ile yote kwa karne nyingi. Walipigana na Kampuni 1659, wakapigana tena kuanzia 1673 hadi 1677, wakapoteza malisho na mifugo. Mwaka 1713 ndui iliyoletwa na meli ikawaua wengi mno. Waliobaki wakawa vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa malisho yao. Kampuni ilikuwa mkarimu kwa wakimbizi, sawa, lakini ilitoa kitu kisicho chake. Hapa kwetu mwenyeji akitunung'unikia kuhusu kuni na maji, mimi huwa najitetea haraka. Baada ya kusoma haya nimejifunza kumsikiliza kwanza.

Na mizabibu ilipaliliwa na nani? Tangu 1658 meli zilileta watumwa Rasi kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Wakafanya kazi mashambani, hata kwa watoto na wajukuu wa mwanamke yule mwenye mnyororo uliokatika. Kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilifika mpaka Zanzibar kununua watu. Fikiria, msomaji: katika nchi ile ya divai palikuwa na watu walioota ndoto zao kwa Kiswahili. Wao pia lugha yao ilikufa, tena hakuna shamba lililobaki na jina waliloliandika wao.

Kwa hiyo saa nane ningeshuka kwenye tramu na kuwaacha waonjaji. Ningetafuta usafiri hadi Pniel, kijiji jirani upande wa pili wa vilima. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, ingawa waliambiwa watumikie miaka minne zaidi kama wanagenzi. Mwaka 1843 waliokuwa watumwa wakaanzishiwa Pniel kuzunguka kanisa, wakapata viwanja vya kujenga na kulima mboga. Viwanja, si hekta 50. Wajukuu zao wangali hapo. Kuna kengele ya zamani ambayo ningependa kuiona kwa macho, maana kwenye mashamba yale kengele ndiyo iliyokuwa saa ya mtumwa: kuamka, kula, kulala. Mzee mmoja anayefanya kazi na yaya jikoni alimwambia kwamba baba yake alikuwa akipewa divai kama sehemu ya malipo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Desturi hiyo ilipigwa marufuku miaka ya 1960 lakini ilichelewa sana kufa, na ulevi ilioupanda bado unavunwa na watoto.

Jambo lililoniuma zaidi ni tarehe. Mnara wa wakimbizi ulizinduliwa rasmi Aprili 1948. Mwezi uliofuata chama cha D. F. Malan kilishinda uchaguzi na kuanza kujenga utawala wa ubaguzi wa rangi. Malan ni jina la Kihugenoti. Babu wa babu zake alifika kwa meli, akakimbia mfalme aliyewakataza watu kusafiri. Na mwaka 1952 serikali ya huyu mjukuu wa mkimbizi ikatunga sheria ya kitabu cha pasi, ambacho Mwafrika alitakiwa kutembea nacho kila saa, aseme anatoka wapi, anakwenda wapi, nani kamruhusu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchota maji.

Kituo changu cha mwisho kingekuwa kwenye njia ya kwenda Paarl, geti la gereza lililoitwa Victor Verster. Hapo ndipo Mandela alipotoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, na sasa pana sanamu yake ameinua ngumi. Sisi wa Dzaleka tunajua habari za magereza; hapa tunapolala palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994.

Jumamosi iliyofuata nilimjibu msichana mbele ya wote, nikamsimulia haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama yaya amekwishafika Pniel. Nikampigia hapo hapo, nikaweka sauti ya juu. Yaya akasema hajawahi kufika, hata jina halijui vizuri, daladala za huko Jumapili ni chache, lakini mavuno yakiisha atapata siku moja ya kupumzika. Msichana akamwambia kupitia simu apige picha ya kengele, asipige ya divai.