Kutoka Madimbwi ya Mweru hadi Tangi la Kioo

Salamanda wa majini hawapatikani kiasili Afrika kusini ya Sahara. Barani humu wanaishi kaskazini tu, Moroko hadi Tunisia. Desturi ya kuwafuga ilikulia Ulaya. Mwaka 1864 aksolotli 34, salamanda wa Mexico, walifikishwa Paris wakiwa hai. Sita walikabidhiwa Auguste Duméril katika bustani ya Jardin des Plantes, na mwaka uliofuata wakazaa. Watoto wao waligawiwa maabara na wafugaji sehemu nyingi za Ulaya, hata haja ya kurudi Mexico kuvua wengine ikapungua sana.

Nchi ya Ziwa Mweru ina historia ya aina hiyo, ila mhusika wake ni samaki, tena si yule wa kuuzwa katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia. Watu wa huko huishi kwa samaki wa ziwani waitwao pale na chisense. Aliyefika kwenye matangi ya ng'ambo ni Nothobranchius, samaki wa sentimita tano hivi anayeishi katika madimbwi ya mvua. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi wa ziwani hufungwa kisheria ili samaki wazaliane. Ni miezi hiyohiyo, nyavu zikiwa zimeanikwa, ambapo madimbwi hujaa na samaki huyu hukua, huzaa na kuzeeka.

Dume ana rangi kali. Jike ni wa kijivu, haonekani kirahisi. Wakati wa kutaga hushuka pamoja ubavu kwa ubavu hadi kwenye tope, dume akamfunika mwenzake kwa pezi la mgongoni, na yai moja likafukiwa. Kisha huanza upya. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hubaki ardhini. Kiinitete kinaweza kusimamisha ukuaji katika hatua tatu tofauti, kwa hiyo mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja: mvua ya kwanza ikinyesha kidogo kisha ikakatika, yapo mengine yanayosubiri. Kwa jamaa yake N. furzeri, wa Zimbabwe na Msumbiji, imethibitika kwamba samaki anaweza kupevuka porini ndani ya siku 14.

Sayansi ilianza kuwajua samaki hawa mapema: Wilhelm Peters alieleza spishi ya Msumbiji, N. orthonotus, mwaka 1844, na N. guentheri wa Unguja alifuata mwaka 1893. Ufugaji wenyewe ulishika kasi miaka ya 1960, vyama vya wafugaji vilipoundwa Marekani na Uingereza. Mfugaji huweka mboji laini chini ya tangi. Samaki wakishataga, huikamua kwa mkono mpaka ibaki na unyevu kama tumbaku ya kiko, huitia kwenye mfuko wa plastiki na kuandika tarehe. Baada ya miezi kadhaa huimwagia maji baridi, na vifaranga hutokea. Mfuko kama huo huweza kutumwa kwa posta.

Baadhi ya spishi za upande wa Mweru zilichelewa kupewa majina: N. rosenstocki wa bonde la Luapula mwaka 2005, na N. oestergaardi wa bonde la Mweru Wantipa mwaka 2011. Madimbwi yao ni madogo, na kifusi au shamba jipya laweza kumaliza dimbwi zima kwa msimu mmoja. Ndiyo sababu wafugaji makini hawachanganyi makundi: kila mfuko wa mayai huandikwa jina la mahali kundi hilo lilipovuliwa kwanza, na mara nyingi mwaka pia.