Tele kwa tele

Nilipoanza kazi ya uganga katika zahanati ya kijiji, mkoani Tabora, matibabu yalikuwa bure, na tangu 1977 daktari wa biashara alikuwa amepigwa marufuku. Mlipaji alikuwapo, ila hatukumwona. Hazina ilipokaukiwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 dawa zilitufikia kwenye masanduku yaliyofungwa, kupitia UNICEF, kwa fedha za Denmark. Sanduku la mwezi mmoja, wiki ya tatu klorokwini imekwisha. Mkulima wa pamba alikuwa anatibiwa kwa kodi ya mfanyakazi wa Copenhagen, na sikumbuki kiongozi aliyelisema hilo jukwaani.

Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama za matibabu, ukaanzia hospitali kubwa. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, na serikali inaongeza kiasi kilekile. Nyongeza hiyo sisi tuliiita "tele kwa tele". Kwenye karatasi mfuko ulipendeza.

Nilimkatia kadi mzee mmoja aliyemleta mkewe kwa baiskeli, homa imemkamata barabara. Mavuno yaliyofuata nikamkumbusha.

"Dokta, mwaka mzima hatujaumwa. Hela yangu iko wapi?"

"Imetibu wenzako, mzee."

"Basi mwaka huu watibiwe na ya kwako."

Alicheka, akaenda zake. Wengi walikuwa hivyo: kadi wanaitafuta wakishaugua, kwa hiyo mfuko ukajaa wagonjwa na kukosa wazima wa kuwabeba. Mwaka 2001 Bima ya Afya ilipoanza kwa watumishi wa serikali, nilikatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri akaweka tatu nyingine. Sikuulizwa kama naumwa. Ndiyo maana mfuko ule ulisimama na wa wakulima ukayumba. Uzalendo wetu haukuhusika hata kidogo.

Kumkata mkulima ni shughuli nyingine. Kodi ya maendeleo ilikusanywa kwa mgambo, watu wakilala porini, hadi ilipofutwa 2003. Sasa sheria ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima, ya umma au ya kampuni binafsi, na asiye na uwezo alipiwe na mfuko unaotegemea kodi za vitu kama soda, pombe na vipodozi. Yule mzee pombe hanywi. Soda ya harusini, hakosi.